Sauti ya Mama Baada ya Miaka 17



Jioni moja baada ya sala ya alasiri, nikiwa barazani kwangu nikisahihisha daftari za wanafunzi, alinijia mama mmoja wa mtaani pamoja na binti yake. Majina yao nayahifadhi, kwani ni watu wa stara. Wameniridhia nilieleze jambo lao kwa faida ya wengine, na hilo linatosha.

Mama alikuja na bahasha ya hospitali. Binti yake ana umri wa miaka 23. Alipokuwa na miaka 6 alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini masikio yote mawili yakazibika kabisa. Sasa daktari wa masikio wa Nairobi amewaambia kwamba huenda akafaa kufanyiwa upasuaji na kupandikizwa kifaa ndani ya sikio, ikiwa vipimo vitakubali.

Nyumba ikagawanyika. Ami yake binti asema miaka 17 imekwisha kupita, na kutoa fedha zote hizo leo ni kuzitia kisimani. Nyanya yake asema Mola ndiye aliyetoa na ndiye aliyechukua, na mwenye kuridhika na kadari hahitaji kisu. Mama mtu, kwa upande wake, yu tayari kuuza kiwanja alichorithi kwa babake. Alikuwa amekuja kutaka neno langu ili akalipeleke nyumbani.

Binti mwenyewe alikuwa ameketi kimya akitutazama midomo. Kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika nyuma ya bahasha: «Maalim, nitaisikia sauti ya mama kama nilivyokuwa nikiisikia?»

Sikuwa na jawabu. Nilimwomba muda, nikaenda kuwauliza wajuzi na kusoma. Makala haya ndiyo niliyoyapata, na huenda yakaifaa nyumba nyingine yenye swali kama hilo.

Deni langu

Kabla sijaendelea, kuna jambo la kukiri. Binti huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Alipougua alikuwa amekwisha kuanza sura fupi za Juzuu Amma, na alikuwa na sauti ya kupendeza. Aliporudi chuoni baada ya ugonjwa, hasikii nikimwita, nilimwambia mamake amweke nyumbani. Hoja yangu ilikuwa kwamba tajwidi ni kazi ya masikio, na kwamba kumweka mtoto mahali asipofuata kitu ni kumtesa. Nilidhani nimefanya huruma. Sikumuuliza mtoto, wala sikujiuliza kama ipo njia nyingine ya kumfundisha.

Yeye aliipata njia. Alikwenda shule ya viziwi, akajifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba yetu ya 2010 imeitaja na kuitambua. Leo ni fundi wa kushona ambaye mabibi harusi wa mtaa mzima wanamgojea zamu. Mimi ndiye niliyebaki pale pale nilipokuwa. Kwa hiyo ninapoandika habari za masikio yake, siandiki kama mtu asiyehusika.

Maradhi yanavyochukua usikivu

Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfupa wa kichwa, mna kiungo kidogo kilichojisokota mfano wa kome wa baharini. Wataalamu wanakiita koklea. Ndani yake mna maji, na mna chembe zenye vijinywele vyembamba mno, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia huyatikisa maji, vijinywele vikapinda, na chembe hizo zikaupelekea mshipa wa fahamu habari ya kwenda kwenye ubongo. Chembe hizi zikifa kwa binadamu haziotoki tena.

Maradhi kadhaa ya utotoni huziua. Homa ya uti wa mgongo ndiyo kali zaidi, kwa kuwa uvimbe wake huweza kuingia moja kwa moja ndani ya koklea. Surua na matubwitubwi nayo yamo. Rubela ikimpata mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata baadhi ya dawa zinazookoa maisha, kama sindano za gentamaisini, huweza kuyadhuru masikio, na ndiyo maana hazitakiwi kutumiwa bila ya uangalizi wa daktari.

Katika homa ya uti wa mgongo kuna jambo ambalo wazazi wengi hatukuambiwa. Baada ya uvimbe kutulia, ile nafasi iliyo wazi ndani ya koklea huweza kuanza kujaa mfupa, na kazi hiyo huweza kuanza katika wiki chache tu. Mfupa ukijaa, kifaa cha kupandikiza hukosa pa kupita. Kwa hiyo mtoto aliyeugua maradhi haya apimwe masikio mapema, kabla ya kutoka hospitali au ndani ya wiki 4 baada ya kupata nafuu. Tusingoje tuone kama ataitika. Mtoto mwerevu husoma nyuso na mitikisiko ya sakafu, akaitika kwa muda mrefu bila ya kusikia hata neno moja, na wazazi wakadanganyika.

Na tusizipuuze chanjo. Nchini Kenya, chanjo ya bakteria aina ya Hib iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001, na ya nimonia mwaka 2011. Bakteria hao wawili ni miongoni mwa wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Mama anayempeleka mwanawe kliniki kuchanjwa anayalinda mapafu yake, na papo hapo anayalinda masikio yake.

Kome na jani la nyasi

Watu wengi huchanganya kifaa hiki na ile mashine ya kawaida inayovaliwa sikioni. Mashine ya kawaida huikuza sauti tu. Humfaa mtu ambaye chembe zake zimesalia kiasi. Ambaye zake zimekufa, hata umpigie tarumbeta sikioni hapati kitu cha maana. Kipandikizi cha koklea huziruka zile chembe zilizokufa na kuuamsha mshipa wenyewe kwa umeme mdogo.

Kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio: ina kipaza sauti na betri, na huigeuza sauti kuwa ishara. Ishara hizo hupita kwenye kidude cha duara kinachoshikana na kichwa kwa sumaku, zikavuka ngozi bila ya waya kutokeza nje. Sehemu ya ndani, inayowekwa na daktari mpasuaji, huzipokea na kuzipeleka kwenye uzi mwembamba uliotiwa ndani ya koklea. Uzi huo una vituo vya umeme, katika vifaa vingi vya leo kuanzia 12 hadi 22. Mwenye akili ataona tofauti: kazi ya chembe 15,000 imekabidhiwa vituo visivyotimia 30. Hapo ndipo penye jawabu la maswali mengi, nasi tutaparejea.

Miongoni mwa walioanzisha elimu hii ni Profesa Graeme Clark wa Australia, ambaye babake, mwenye duka la dawa, alikuwa mzito wa kusikia. Taabu yake kubwa ilikuwa moja: vipi uzi uingizwe ndani ya njia iliyojisokota bila ya kuikwaruza? Mwaka 1977 alikuwa ufukweni, akaokota kome na jani la nyasi, akawa anajaribu kulipenyeza jani ndani ya kome. Akaona kwamba jani laini kwenye ncha na gumu kwenye shina huufuata mzunguko wa kome mpaka ndani. Tarehe 1 Agosti 1978, mjini Melbourne, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza kifaa chenye vituo vingi. Sisi wa pwani tumeokota makome tangu utotoni tukiyaweka sikioni tusikie mawimbi. Mwenzetu akatumia kome kuwafikishia sauti wasiosikia.

Mama asiyesikia kilio cha mwanawe

Ami wa binti anauliza: je, baada ya miaka mingi inafaa? Wapo waliofanya hivyo, na mmoja wao habari zake zimeenea. Heather Whitestone alizaliwa mwaka 1973 katika jimbo la Alabama, Marekani. Akiwa na miezi 18 tu alishikwa na maradhi makali ya bakteria yale yale ya Hib, akapoteza usikivu, isipokuwa kidogo katika sikio la kushoto alilolivisha mashine. Kwa juhudi ya mamake na yake mwenyewe alijifunza kusema. Watu walimjua alipokuwa kiziwi wa kwanza kushinda taji la Miss America, Septemba 1994. Mashindano yale si mlango wetu leo. Sisi tumtazame kama mama.

Aliolewa, akazaa watoto wa kiume. Siku moja mwanawe mdogo alianguka uani akalia. Mumewe alisikia akakimbia; yeye mama mtu hakusikia. Kila mwanamke anayesoma makala haya aliye na mtoto anajua maana ya jambo hilo. Kilio cha mwanawe ndicho kilichomfanya akate shauri. Agosti 2002, akiwa na umri wa miaka 29, alipasuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore na kuwekewa kifaa katika sikio la kulia, sikio ambalo halikuwa likisikia tangu alipokuwa na miezi 18. Mwezi uliofuata kikawashwa.

Nimeitaja habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba miaka mingi peke yake haiufungi mlango. Pili, yeye hakukitafuta kifaa kwa kuona kwamba uziwi ni aibu. Alikuwa amekwisha kuishi, kusoma, kuolewa na kuheshimiwa akiwa kiziwi. Alikuwa na haja moja mahsusi, na haja hiyo ilitoka kwake, haikutoka kwa jamaa wanaoona haya.

Siku ya kuwashwa, na siku zinazofuata

Upasuaji wenyewe, kwa kawaida, huchukua saa mbili hadi nne, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Wengi hutoka hospitali siku ya pili. Kisha hungojwa wiki kadhaa kidonda kipone, na ndipo kifaa huwashwa na mtaalamu wa usikivu.

Siku hiyo ya kuwashwa ndiyo inayowapoteza watu. Huko kwenye simu zetu mnazunguka picha za mtu akiwashiwa kifaa na kububujikwa na machozi ya furaha, nasi tukadhani kazi imekwisha. Watu wazima wengi, siku ya kwanza, husikia milio, vidokezo, au sauti kama ya roboti. Wengine huumwa kichwa. Wengine hulia kwa kuvunjika moyo. Kumbuka vile vituo visivyotimia 30: ubongo unapewa habari chache na kutakiwa kutengeneza maneno kwa hizo. Huweza, lakini kwa kujifunza, kama mwanafunzi anavyoanza na alifu na be kabla ya kusoma msahafu.

Baada ya hapo huja miezi ya kurudi hospitali ili kifaa kirekebishwe kidogo kidogo, na nyumbani ni mazoezi ya kila siku: huu ni mlio wa bomba la maji, huu ni mlango, huyu ni kunguru, hii ni «ba» na hii ni «pa». Mazoezi haya hayawezekani bila ya mtu wa nyumbani mwenye subira ya kukaa naye na kurudia neno moja mara hamsini bila ya kukunja uso. Familia iliyo tayari kuuza kiwanja lakini haiko tayari kutoa nusu saa kila siku, bora ikiache kiwanja chake.

Matokeo hutofautiana. Aliyekuwa amejua kusema kabla ya kuugua ana msingi, kwa kuwa ubongo wake uliwahi kuijua sauti. Aliyezaliwa haisikii au aliyepoteza kabla ya kujua maneno, akipandikizwa ukubwani, mara nyingi hupata faida ya kusikia honi ya gari, hodi mlangoni, na kilio cha mtoto, lakini kuyafahamu maneno bila ya kutazama midomo humwia vigumu. Kadiri miaka ya ukimya inavyozidi, ndivyo kazi inavyozidi. Binti yetu aliugua akiwa na miaka 6, akisema vizuri. Hilo liko upande wake. Miaka 17 ya ukimya iko upande wa pili. Na koklea yake kujaa mfupa au kutojaa, hilo litajulikana kwa picha za CT na MRI tu.

Ya kupima kabla ya kukata shauri

Fedha. Gharama zake ni za mamilioni ya shilingi, na haziishii kwenye upasuaji. Kuna betri, nyaya, safari za kurekebisha, na baada ya miaka sehemu ya nje huhitaji kubadilishwa. Muulizeni daktari hesabu ya miaka kumi, msiridhike na hesabu ya siku moja tu. Ulizeni pia bima yenu inabeba nini na haibebi nini.

Usalama. Kila upasuaji una hatari zake, na huu si haba: usikivu mdogo uliosalia katika sikio lile huweza kupotea. Mwenye kipandikizi hupata hatari kiasi ya homa ya uti wa mgongo kuliko watu wengine, na ndiyo maana huchanjwa chanjo ya nimonia. Akienda kupimwa kwa MRI lazima awajulishe, kwa sababu ya ile sumaku.

Maisha ya kila siku. Akina dada wameniuliza kuhusu ibada. Sehemu ya nje huvuliwa wakati wa kulala na kuoga, basi na wakati wa kutawadha huvuliwa vivyo hivyo, na maji hayadhuru kitu kilicho chini ya ngozi. Chini ya mtandio kifaa hukaa vizuri, ila kitambaa kizito hufifisha sauti, na kikisugua kipaza sauti husikika mkwaruzo. Mtandio mwepesi ni bora. Jasho na unyevu wa pwani yetu ni adui wa mitambo hii, kwa hiyo huwekwa usiku ndani ya kisanduku cha kukaushia.

Kadari. Kwa nyanya yetu, ambaye namheshimu, nasema hivi: tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba tujitibu, kwani kila ugonjwa umewekewa dawa. Kujitibu ni katika kadari, kama maradhi yenyewe. Wala asiyejitibu kwa kifaa hiki hana dhambi wala upungufu. Kiziwi hahitaji kusikia ili awe mtu kamili.

Hiari. Aliyebaleghe aulizwe yeye kwanza. Kichwa kitakachopasuliwa ni chake, na miezi ya jasho ni yake. Na hata akikubali, lugha ya ishara isitupwe. Betri ikiisha, na usiku kifaa kikivuliwa, yeye ni kiziwi kama zamani, na atahitaji watu wanaojua kusema naye.

Jawabu

Wiki iliyofuata walirudi. Nilimwandikia binti jawabu langu kwa mkono, nalo lilikuwa fupi: «Mwanangu, kama ulivyokuwa ukiisikia, hapana. Mwanzo huenda ikawa mlio tu. Ukijaaliwa, na ukifanya kazi, baada ya miezi itakuwa sauti ya mtu, kisha sauti ya mama. Itakuwa sauti mpya.»

Aliisoma mara mbili. Akamtazama mamake, ambaye macho yalikuwa yamemjaa, kwani nadhani yeye ndiye aliyekuwa akitarajia zaidi. Kisha binti akaandika kwamba anachotaka kwanza ni zile picha, ajue kama njia ya ndani ya sikio iko wazi. Kiwanja kisiuzwe mpaka majibu yatoke. Na kama njia imeziba, mama asilie, kwa sababu yeye binti amekwisha kuyazoea maisha yake na ana nguo nane za harusi za kumaliza kabla ya mwezi kuandama.

Mama akacheka huku akifuta machozi. Ikakubaliwa hivyo: picha kwanza, kiwanja baadaye. Ninapoandika haya wanangoja tarehe ya kwenda Nairobi.

Nami nilimwomba jambo. Kila Alhamisi baada ya alasiri huja barazani na mamake, akanifundisha lugha ya ishara. Nimekwisha kujua kusalimu, kuuliza hali, na kuomba msamaha. Hilo la tatu nilijifunza la kwanza. Vidole vyangu vya miaka hamsini na kitu ni vizito, naye hunirudisha nyuma bila ya huruma, kama nilivyokuwa nikiwarudisha wao kwenye makhraji. Wapo watoto wengine wawili viziwi mtaani kwetu ambao hawajawahi kukanyaga chuoni. Inshallah mwaka huu watakanyaga, na watamkuta maalim anayeweza kuwaambia karibu.

Mwenye mgonjwa Mola amponye, na mwenye mtoto asiyesikia Mola amtie subira na maarifa. Wassalaam.